Kobe Akinyamaza

Oyaa Kobe, mambo vipi.

Usinune. Najua umesema jina hilo libaki hapahapa uani, lisipande basi na wewe. Halipandi. Nimeliandika kwenye karatasi, na karatasi nitaificha ndani ya sweta la bluu, lile ambalo hutalivaa mpaka baridi ya Njombe yenyewe ije ikushike shingo. Huko juu nani atasikia ukiitwa Kobe? Ukungu tu.

Muda huu bado unasukwa. Umetaka rasta nyembamba, ndefu, za kutwa nzima. Nikakuambia, suka twende kilioni basi, mistari mikubwa, unamaliza kabla ya alasiri. Ukaniangalia, tukacheka wote, maana kwenye nyumba yetu msuko huo una kesi. Nitaifikia.

Nimefunga fremu mapema. Vifungo na zipu havikimbii, mafundi cherehani watanivumilia leo. Nimekaa uani kwenye kigoda. Mvua imepita, ile ya hapa Dar inayonyesha huku jua linaangalia, na sakafu inatoa mvuke, kila kitu kimekuwa kama kiko nyuma ya pazia. Mjumbe, kobe wa nyumba hii, anatembea. Unamjua mwendo wake: anaanza mlango wa mama mwenye nyumba, anakuja wetu, anaenda wa yule fundi simu, kila mlango anasimama kidogo kama anaandikisha majina ya nyumba kumi. Hajawahi kuruka mlango tangu tumemjua. Sasa amefika kwetu, amelitazama begi lako, amevuta kichwa ndani ya gamba. Hapumui. Yaani anapumua, ila mpaka umsubiri. Namsubiri huku naandika.

Habari za soksi sikuandikii. Bibi ameshakupa soksi za kuvalisha kikosi kizima, na masweta amekuchagulia yeye, tena yale ya ndani ya robota, kabla wateja wake wa Mchikichini hawajayagusa. Habari za wavulana sikuandikii pia. Mimi nilikuzaa nikiwa nimetoka form two, sina uso wa kumfundisha mtu hapo, na wewe una akili kuliko mimi ya wakati ule. Nataka kukuandikia habari ya mapafu. Ndiyo, mapafu. Unaenda kusomea kutibu mifugo, acha na mimi nijitie mwalimu kwa jioni moja.

Hadithi ya msiba wako unaijua. Unaijua vile Bibi anavyoisimulia, kwenye kila harusi, na kila mwaka anaongeza waombolezaji. Mimi sijawahi kukusimulia nilivyoiona nikiwa ndani ya chumba.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Asubuhi nilikusuka twende kilioni kwa sababu sikuwa na muda. Mchana pumu ikakushika. Haikuwa mara ya kwanza. Kifua chako tulishakizoea kupiga filimbi, nilikuwa najua uko kona gani ya nyumba kwa kusikiliza tu, kama mbuzi mwenye kengele. Nikakulaza. Nikakuchua kifua, nikakufunika, nikafunga dirisha vumbi lisiingie. Filimbi ikapiga, ikapiga, ikawa nyembamba kama uzi. Halafu ikakoma.

Nikamshukuru Mungu, Kobe. Nilikaa chini, nikaegemea ukuta, nikasema alhamdulillah, mwanangu kapata usingizi. Nilikuwa na furaha. Hicho ndicho kinachonishangaza hadi leo, kwamba nilikuwa na furaha.

Simu ikaita. Bibi, kutoka Mchikichini.

"Mtoto vipi?"

"Amepumzika, mama."

Nikasikia kama amevuta pumzi, halafu simu yangu ikazima, chaji imeisha. Sikujali. Nikaendelea kukaa.

Hebu lichukue hilo neno ulitazame. Mtu katoka shamba kachoka, anapumzika. Mtu kavushwa kwenda kwa Mola wake, amepumzika. Neno ni hilohilo, na ndani yake kuna pumzi. Mimi nililisema nikiwa naona usingizi. Bibi alilisikia akaona kaburi.

Baada ya muda nikaanza kusikia kilio mtaani. Nikajiuliza, jamani, nani kafiwa? Nikajitanda mtandio nitoke nikahani. Natokeza kichwa chochoroni, nakutana na mama yangu mzazi, kanga kaifunga kiunoni, na nyuma yake wanawake wa Mchikichini, wauza masweta, wauza mashuka, mmoja kabeba jamvi kichwani.

"Jikaze mwanangu," Bibi akasema, akaniangukia shingoni.

"Mama, nani kafa?"

"Usikufuru. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto. Si umesema amepumzika?"

"Amelala, mama. Usingizi."

Yule wa jamvi akalishusha taratibu. Muuza mashuka mmoja, mnene, jasho linamtiririka, akasema, "Kwa hiyo nimefunga meza yangu, nimetembea juani, kuja kumlilia mtu aliyelala?"

Mwenzake akamjibu, "Wewe lia tu, umeshafika."

Wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Bibi hakucheka. Alisema, "Nimekuja kumuona, nitamuona," akanipita akaingia ndani.

Akafungua dirisha. Mwanga ukakuangukia, na mimi nikakuona kama naona mtoto wa mtu mwingine. Midomo imepoteza rangi. Hapa shingoni panazama kila ukijaribu kuvuta. Na sauti hakuna, hata ya kusingizia. Bibi akaweka sikio kifuani kwako, akaliondoa, akaliweka tena.

"Huyu hajalala," akasema. "Huyu ameishiwa. Nipe kanga."

Ukabebwa. Saa ile unaijua Kariakoo ilivyo, mikokoteni, mabunda ya vitambaa vichwani, watu bega kwa bega, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Ningekuwa peke yangu na wewe nisingevuka hata mtaa mmoja. Lakini nyuma yetu walikuwapo wanawake waliokuja na kilio chao tayari, na sasa walikuwa na sababu. Wakalia. Watu wakageuka. Wakaona kanga, wakaona mguu mdogo unaning'inia, wakavua kofia. Mikokoteni ikarudi nyuma. Wauza miziki wakazima spika zao, moja, nyingine, nyingine, mpaka mtaa mzima ukawa kimya na katikati yake kuna njia, nyeupe, imenyooka, mimi na Bibi tunaikimbilia. Kariakoo haimpishi mtu, Kobe. Inapisha msiba. Hiyo njia bado naiota. Kwenye ndoto haina mwisho, na miguu yangu haigusi chini.

Hospitali wakakuvalisha kinyago cha mvuke. Tukakaa. Tukakaa. Na filimbi ikarudi. Nikaanza kulia, nikamwambia nesi, dada, imeanza tena. Akanigeukia, binti tu kama mimi, akasema, "Hapo ndiyo anapumua. Kifua cha pumu kikipiga kelele, ogopa. Kikinyamaza, kimbia."

Kwa hiyo, mwanangu, uko hai kwa sababu ya neno lililosikika vibaya. Ningesema "kalala", Bibi angebaki mezani kwake anakunja masweta, na mimi ningebaki ukutani nina furaha yangu. Lile jamvi mwenyewe hakulifuata. Alisema jamvi la msiba ambao haukuwepo halirudi nyumbani. Ndilo ulilolalia tumbo ukifanya homuweki miaka yote. Nimelikunja, liko chini ya begi.

Sasa mapafu. Ni wewe uliyenipeleka huko.

Uliporudi kutoka hospitali nikakukataza kukimbia. Daktari hakusema, nilisema mimi. Kutwa ukawa hapa uani na Mjumbe. Siku moja nafua, nikasikia unaniita kwa kunong'ona: "Mama, Mjumbe amepumzika."

Nilifika hapo na povu mpaka kwenye viwiko. Kweli, yuko vile alivyo sasa hivi, hakuna kinachosogea. Tukachuchumaa. Tukasubiri mpaka povu likanikaukia mikononi. Halafu miguu ya mbele ikasogea kidogo, ngozi ya shingo ikajaa, pumzi, pumzi, pumzi, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau. Kisha kimya tena.

"Kumbe alikuwa anaitunza," ukasema.

Daah. Neno hilo liliniingia, sikulala. Unanijua nikishikwa na kitu. Nikawa nasoma pale kwenye fremu, simu mkono huu, kamusi kuukuu isiyo na jalada mkono huu, mteja anataka zipu ya gauni la harusi nampa ya begi. Nikasoma kwamba mbavu za kobe zimeshikana na gamba, haziwezi kupanda na kushuka kama zetu, kwa hiyo anavuta hewa kwa misuli iliyo jirani na miguu. Kutembea na kupumua ni ndugu kwake. Nikasoma kwamba mapafu yake ndani ni vyumba vyumba, kama nyumba yetu hii, korido katikati na milango pembeni.

Na kwenye kuta za vile vyumba kuna seli ambazo kazi yake ni kuhisi.

Niliirudia sentensi hiyo mpaka simu ikapata moto. Seli za kuhisi, ndani ya pafu. Nilikuwa najua tuna pua hapa usoni. Sikujua kiumbe anaweza kuwa na kitu kama pua humo kifuani, gizani, kinaionja hewa ikishaingia. Kobe anazo, mijusi wanazo, hata wale wanaotukimbia darini. Nyingine zimekaa mojamoja ukutani, zimebeba vifurushi vidogo sana vya kemikali, zimegusana na mishipa ya fahamu, na wanasayansi wenyewe bado wanabishana zinasema nini hasa. Kuna nyingine, ncha za mishipa, hizo zinahisi ile hewa chafu tunayoitoa. Na hapa ndipo niliposimama kwenye kiti, nikamwita jirani wa fremu ya lastiki aje asome, akaniambia shoga yangu, mimi nina wateja. Nilikuwa nimetegemea hewa ikichafuka zipige kelele. Hazipigi. Hewa ikiwa safi ndiyo zinapiga gumzo, zinatuma habari kichwani, tiki tiki tiki. Hewa chafu ikizidi, zinapunguza sauti. Zinanyamaza. Na kichwa kikisikia upande ule umenyamaza, ndipo amri inapotoka: vuta.

Kama nimeelewa vibaya utanisahihisha, wewe ndiye unayeenda chuo. Ila mimi niliielewa palepale, kwa sababu nimeshauza barabarani. Kabla ya fremu nilikuwa natandika turubai pale Msimbazi, wewe mgongoni. Kutwa ni kelele, njoo mama, njoo dada, jero jero. Hakuna mtu anayesikiliza kelele. Lakini ikitokea kule mwanzo wa mtaa sauti zimepungua, zimepungua, kimya kinakuja kinatembea kama kivuli cha wingu, hakuna haja ya kuuliza. Mgambo hao. Unakunja kona nne za turubai unaondoka. Kimya ndicho kilichokuwa kinatupigia kelele.

Nikaanza kuota niko ndani ya pafu la Mjumbe. Ni korido ndefu, ukuta laini, una unyevu kama uani huu baada ya mvua. Kila mlango amekaa mwanamke kwenye kigoda, mdogo kama kifungo cha shati, anaionja hewa kwa ncha ya ulimi na kumwambia jirani yake. Wote wanaongea chini kwa chini, kama akina mama walio na muda. Mimi napita katikati yao, sina viatu, sina haraka. Halafu mmoja ananyamaza. Wa pili. Korido yote. Nasimama. Kutoka mbali kabisa naanza kusikia upepo unafunguliwa.

Ndoto nzuri sana hiyo. Shida ni nilichokifanya nilipoamka. Nilijifanya mimi ndiye wale wanawake wote.

Nilikaa kwenye kila mlango wako, Kobe. Mtu akiwasha sigara mtaa wa pili, mimi nafunga dirisha. Ukikohoa nafika kabla kikohozi hakijaisha. Safari ya shule ya Bagamoyo ulibaki nyumbani, tukaangalia picha za wenzako. Baharini ulikuwa unachota maji kwa ndoo na kujimwagia mchangani, kama mtu anayeosha baiskeli. Wewe ulikuwa hata hulalamiki, na mimi nikadhani kutolalamika ni kuridhika. Yaani kimya kilekile, na mimi ukutani nina furaha yangu ileile.

Mpaka ile siku ya michezo, Mnazi Mmoja. Ulijiandikisha mbio bila kuniambia. Nikaja kuambiwa na fundi simu, nikamkokota Bibi, tukafika mmeshapanga mstari. Hukutuona, tulisimama nyuma ya wauza maji. Filimbi ikapulizwa mkaondoka. Nikaanza kusukuma watu nipite, nikahisi kanga imekaza. Bibi kaishika pindo.

"Kaa hapo."

"Mama, atabanwa."

"Atabanwa yeye, au utabanwa wewe?"

Nikakaa. Si kwa busara, kwa kanga. Na kabla hujafika nusu, ukasimama. Hakuna aliyekuambia. Kutoka pale mimi nisingesikia kitu. Ukatoka pembeni, ukachuchumaa, ukachomoa inhela kwenye soksi, ukavuta, ukafumba macho. Wenzako wakaanza: "Kobe huyo. Oyaa Kobe, usiku utaingia." Ukakaa tu. Mabega yako yalikuwa yameshuka. Nilikuwa sijawahi kuona mabega yako yameshuka namna hiyo. Sura yako ilikuwa ya mtu anayesikiliza kitu kwa ndani. Kisha ukainuka, ukamaliza mbio kwa kutembea, wenzako wameshakunywa maji wamemaliza, na ulipovuka mstari ukainua mikono juu kama umewashinda wote.

Wanasema hata sisi watu tuna baadhi ya seli hizo, chache, zimejificha kwenye njia za hewa. Sijui zako zinasema nini. Najua siku ile zilisema, na wewe ukasikia. Labda zilikuwa zinasema tangu zamani, ila nyumba nzima ilikuwa imejaa sauti yangu. Jioni nilikuita Kobe kwa mara ya kwanza, ukanitolea macho, "Mama, ulikuwepo?" Nikasema hamna, nimesikia tu mtaani. Sasa unajua.

Ndiyo maana juzi uliponikalisha hapa, ukashika mikono yangu yote miwili kama wewe ndiye uliyenizaa, ukasema, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usinipigie kila saa. Nikibanwa, nitakupigia mimi. Nikinyamaza, ujue niko sawa," mimi nikasema poa. Niliitamka vizuri, eti? Poa. Ukanibusu ukaenda kununua mafuta ya nywele.

Nikabaki na Mjumbe. Nikamwambia, umesikia huyu? Miaka yote nimefundishwa somo moja. Limefundishwa na kifua chako, na nesi, na Msimbazi, na pafu la huyu mzee: kikinyamaza, kimbia. Na sasa wewe, mwenye kifua chenyewe, unanigeuzia kitabu. Nikinyamaza, niko sawa. Na inawezekana kabisa unasema kweli. Kobe ananyamaza kwa kuwa kaishiwa, na kobe ananyamaza kwa kuwa anaitunza. Ukimtazama kwa nje ni gamba lilelile.

Nasikia kandambili zako chochoroni, na unacheka na mtu, nadhani ni fundi simu anakutania hizo rasta. Mjumbe ametoa kichwa. Miguu ya mbele imesogea, shingo imejaa. Haya, amevuta. Anaelekea mlango unaofuata.

Nitaishika ahadi, nadhani. Siku ya kwanza simu yako ikinyamaza, Bibi akiniuliza mtoto vipi, nitamjibu amepumzika, na safari hii atacheka. Siku inayofuata nitauza zipu, nitakosea saizi, nitarudi. Lakini kuna jioni itakuja, mvua imepita, uani kuna mvuke, mlango wako umefungwa, Mjumbe kasimama mbele yake kichwa kiko ndani, na kimya kimekaa humu ndani siku ya tatu, na sijui ni kimya kipi. Jioni hiyo Bibi naye atakuwa na hofu kama mimi, wa kunishika pindo la kanga ni wewe tu, na wewe uko Njombe.

Wewe ndiye unayejua kusikiliza kwa ndani. Jioni hiyo, Kobe, ungekuwa mimi, ungefanyaje?